Kamera Baada ya Kustaafu: Mwongozo Kamili wa Kuanza Kazi ya Upigapicha Ukiwa Mtu Mzima

Swali linalonifikia mara nyingi kuliko yote ni hili: "Nimestaafu, nimenunua kamera nzuri, mbona kazi hazipatikani?" Anayeuliza huwa na miaka 55 au 60. Amekwisha piga harusi mbili tatu za ndugu, mgongo umemuuma wiki nzima, malipo yamekuja nusu, na kamera sasa imelala kabatini.

Nimeona mkwamo huu kwa watu wengi wenye macho mazuri na bidii ya kweli. Umri hauwakwamishi, wala si kukosa kipaji. Wanaanzia katikati. Wananunua kifaa kabla ya kujua watampiga nani picha, kisha wanalazimika kukimbilia kazi yoyote inayopita ili kurudisha fedha.

Mwongozo huu umepangwa ili usipite njia hiyo. Taratibu za kodi na leseni nilizozitaja ni za Tanzania. Mengine yote yanakufaa popote ulipo.

## Vitu vya kuwa navyo

Orodha hii inatosha mwaka mzima wa kwanza. Usiivunje kwa sababu ya tangazo uliloliona.

- Daftari na kalamu. Vitatumika kabla ya kamera.
- Simu yenye kamera ya kawaida, kwa majaribio ya awali.
- Kamera moja ya kubadilisha lenzi, yenye megapikseli 20 hadi 24. Megapikseli moja ni nukta milioni moja za picha.
- Lenzi moja ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8. Tundu ni uwazi wa lenzi unaopitisha mwanga; namba ya f ikiwa ndogo, uwazi ni mkubwa. Kama sensa ya kamera yako, yaani kipande kinachopokea picha ndani yake, ni ile ndogo iitwayo APS-C, chukua ya milimita 35.
- Betri mbili na kadi mbili za GB 64.
- Fleshi moja ya kupachika juu ya kamera, ambayo kichwa chake kinageuka.
- Shuka jeupe lisilo na maua, na stuli.
- Laptopu na diski mbili za nje.
- Miwani yako, iliyopimwa karibuni.

Kuhusu megapikseli, hesabu yenyewe ni rahisi. Ukihesabu pikseli 300 kwa kila inchi, picha ya kuchapwa inchi 8 kwa 10 inahitaji pikseli 2400 kwa 3000, yaani megapikseli 7 na kidogo. Ya inchi 12 kwa 18, inayojaza fremu kubwa ya sebuleni, inahitaji kama 19. Kamera ya 24 inakutosha na chenji inabaki.

## Hatua ya 1: Tafuta watu kabla ya kamera

Kaa na daftari siku mbili tatu. Andika nyumba, taasisi na watu wanaokufungulia mlango bila kukuuliza umefuata nini. Kisha andika kazi uliyoifanya maisha yako yote na mambo unayoyajua kwa sababu ya kazi hiyo. Mwisho andika kile ambacho mwili wako bado unakiweza bila kulipizwa kesho yake.

Kwa nini tuanze hapa? Kijana wa miaka 25 atakushinda kukesha ukumbini hadi saa nane za usiku. Atakushinda kupanda meza, kurusha picha mtandaoni usiku huohuo na kubeba mabegi mawili. Asichokuwa nacho ni miaka 30 ya kuaminika. Muuguzi mstaafu anajua kumshika mtoto wa siku tano. Mwalimu mstaafu akiingia shuleni, watoto wanatulia na mkuu wa shule anampa kiti. Bwana shamba anajua ni wiki gani ya msimu mahindi yanapendeza, na mkulima hatamwona mgeni.

Julia Margaret Cameron wa Uingereza alipewa kamera yake ya kwanza mwaka 1863, akiwa na miaka 48, zawadi kutoka kwa binti yake. Wenzake walimlaumu kwamba fokasi yake ni hafifu. Lakini alikuwa na majirani, ndugu, watumishi wa nyumbani na marafiki waliokubali kukaa mbele yake kwa utulivu, wakiwemo mwanasayansi Darwin na mshairi Tennyson, na sura zile zimo makumbusho hadi leo. Hazina yake ilikuwa watu wake.

Haya ni maeneo matatu ambayo watu wazima wanayamudu vizuri:

Picha za wazee nyumbani kwao. Hili nalipigia debe kuliko yote. Hudhuria misiba na utazame picha iliyowekwa juu ya jeneza au kwenye msalaba. Mara nyingi imekatwa kutoka picha ya sherehe, bega la mtu mwingine linaonekana pembeni, na sura imekuwa ukungu kwa kukuzwa. Mzee ameishi miaka 80 na familia yenye watoto saba haina picha yake moja nzuri. Kazi hii hufanyika mchana, umekaa, kwa mazungumzo. Mzee humfungukia mtu mzima mwenzake kwa namna ambayo hawezi kwa kijana.

Shughuli za wanawake. Pwani, kuanzia Tanga na Unguja hadi Mombasa, kuna singo (kusuguliwa mwili kwa manukato), hina na kupambwa kwa bi harusi ambako mwanamume haruhusiwi kuingia na mara nyingine simu hukusanywa mlangoni. Mama mwenye heshima zake, anayejua kutunza siri na kutunza picha, hana washindani wengi mahali pale.

Taasisi ulizotoka. Mahafali, kipaimara, maulidi ya madrasa, mikutano ya ushirika, ripoti za miradi. Unajua ratiba, unajua itifaki, na unajua nani lazima aonekane mbele.

Umemaliza hatua hii ukiweza kusema kazi yako kwa sentensi moja: "Napiga picha za wazee nyumbani kwao, hapa Morogoro mjini." Ukihitaji sentensi tatu, rudi kwenye daftari.

## Hatua ya 2: Nunua kwa kiasi, na umjaribu muuzaji

Mafao ya mkupuo huja mara moja. Ushauri wangu ni kwamba vifaa vyote kwa pamoja visivuke sehemu ya kumi ya mkupuo huo, na usikope kununua kamera. Deni litakusukuma kwenye kazi ulizokwisha kujiambia hutazifanya.

Kamera iliyotumika inafaa kabisa. Nikon D7200 na D750 zina nafasi mbili za kadi, hivyo ukizipanga hivyo kwenye menyu, kila picha huandikwa mara mbili. Kadi moja ikiharibika, harusi haijapotea. Canon 6D inatoa picha nzuri, lakini ina nafasi moja tu. Kamera zisizo na kioo ndani ni nyepesi zaidi, na wepesi huo ni jambo la kulipia kama una tatizo la shingo au bega.

Ukifika dukani fanya haya mbele ya muuzaji:

- Uliza idadi ya mibonyezo ya shata, yaani pazia la ndani linalofunguka kila unapopiga picha. Ya D750 ilipimwa kiwandani kwa mibonyezo 150,000, ya 6D kwa 100,000. Mwenye kamera iliyokwisha fika 140,000 asikuuzie kwa bei ya mpya.
- Funga tundu hadi f/16, piga ukuta mweupe, ikuze picha. Madoa meusi ni vumbi kwenye sensa na husafishika. Mistari au pikseli zilizokufa hazisafishiki.
- Imulike lenzi kwa tochi ya simu. Nyuzi kama za utando wa buibui ni ukungu wa unyevu, na kwa hali ya hewa ya pwani huenea. Usichukue.
- Weka kadi yako mwenyewe na uondoke na picha za majaribio.

Hifadhi vifaa mahali pakavu penye hewa, si ndani ya begi la ngozi lililofungwa. Vifuko vile vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, usivitupe.

## Hatua ya 3: Irekebishe kamera ikufae wewe

Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa bila sababu. Wanachungulia, wanaona ukungu, wanadhani macho yao yamekwisha.

Pembeni ya kitundu cha kuchungulia kuna kigurudumu kidogo. Toa kifuniko cha lenzi, chungulia, na usitazame mandhari. Tazama namba na alama zilizo ndani ya kitundu. Zungusha kigurudumu taratibu mpaka namba zisomeke wazi kabisa. Fanya hivyo ukiwa na miwani kama ndivyo utakavyopiga picha, au bila miwani kama ndivyo unavyopendelea, kisha usibadilishe. Marekebisho haya hayagusi picha yenyewe. Yanagusa unachokiona wewe. Fokasi iachie kamera.

Mikono inayotetemeka kidogo nayo ina dawa. Weka kasi ya shata isishuke chini ya 1/200 ya sekunde unapopiga watu. Mwanga ukipungua, panda ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 1600 au 3200. Chembechembe kwenye picha husameheka, lakini sura iliyotikisika haina msamaha. Viwiko vibane mbavuni, mguu mmoja mbele, vuta pumzi, itoe nusu, ndipo ubonyeze.

Kwa mtu mmoja tumia tundu la f/2.8 hivi. Kwa familia iliyopangwa mistari miwili nenda f/5.6 hadi f/8, la sivyo waliokaa mbele watakuwa wazi na waliosimama nyuma watakuwa ukungu, na shangazi aliye nyuma hatakosa kukuuliza.

Ukipiga picha kumi za mtu aliyesimama na tisa zikawa na macho makali zikikuzwa, uko tayari kuendelea.

## Hatua ya 4: Jifunze mwanga wa dirisha na wa baraza

Usijifunze mwanga wa aina kumi. Jifunze aina mbili hizi mpaka uzipatie hata ukiwa umechoka.

Dirishani. Zima taa zote za chumbani, kwa sababu rangi ya balbu na rangi ya mchana zikichanganyika, uso unakuwa wa rangi mbili. Mkalishe mtu kama mita moja kutoka dirishani, ubavu mmoja ukielekea mwanga, kisha mwombe ageuze uso kidogo kuelekea dirisha. Upande wenye kivuli, mwambie mjukuu ashike shuka jeupe. Likisogezwa karibu kivuli kinalainika, likisogezwa mbali kivuli kinakolea. Tazama macho: kila jicho liwe na kidoto cha mwanga. Kisipokuwepo, inua kidevu chake kidogo au msogeze.

Kuta zina rangi, na rangi hiyo hurukia usoni. Chumba cha kijani kitampa mzee sura ya mgonjwa. Mahema na vitambaa vya sherehe ni hivyo hivyo; chini ya hema jekundu hakuna marekebisho ya kompyuta yatakayomrudishia mtu ngozi yake yote. Mtoe nje ya hema kwa dakika tano.

Barazani. Saa sita mchana jua letu liko utosini, macho yanakuwa mashimo meusi. Wengi hukimbilia chini ya mwembe, ambako miale hupenya majani na kumwacha mtu na mabaka. Baraza ni bora. Mtu akae ndani kidogo ya kivuli, akitazama nje kwenye uwazi. Anga lote linakuwa dirisha lake. Jua la jioni lina uzuri wake, lakini kwetu huzama upesi. Panga kumaliza kabla ya saa kumi na mbili.

Ngozi zetu na mita ya kamera. Mita, yaani kipima mwanga cha kamera, imeundwa kuivuta kila picha iwe kijivu cha wastani. Uso mweusi ukijaza fremu, kamera hudhani kuna giza, huongeza mwanga, na ngozi inapauka kama iliyopakwa majivu. Kanzu nyeupe au shela likijaza fremu, hufanya kinyume na sura inazama. Tumia kitufe cha fidia chenye alama za kujumlisha na kutoa: kwa uso mweusi ulio karibu punguza theluthi moja hadi mbili za alama, kwa mavazi meupe mengi ongeza theluthi mbili hadi alama moja kamili. Weka heshima ya rangi ya mtu mbele ya yote. Nimewaona wazee wakitazama picha zao zilizopaushwa na kukaa kimya, na ukimya ule si wa kuridhika.

Fleshi iwe akiba. Ukilazimika, geuza kichwa chake kwenye dari jeupe lililo chini. Dari la ukumbi lililo juu sana au lenye vitambaa vya rangi halitakusaidia.

Umefaulu siku utakapoingia nyumba usiyoijua na kuonyesha kwa kidole, ndani ya dakika moja, mahali mtu atakapokaa.

## Hatua ya 5: Piga picha watu 12 bila malipo, kisha funga mlango wa bure

Chagua watu 12 kutoka kwenye daftari lako. Waambie wazi: "Najifunza. Nitakupiga picha, utapata moja iliyochapwa, nami naomba ruhusa ya kuwaonyesha watu wengine kazi hii." Idadi na masharti vijulikane tangu mwanzo, maana bure isiyo na mwisho ndiyo iliyowaua wengi. Ndugu wakizoea bure, ni vigumu kuwazoesha kulipa.

Kwa mzee, nenda mara mbili. Siku ya kwanza usitoe kamera. Kunywa chai, uliza alifanya kazi wapi, alihamia lini, kovu lile la mkononi alilipataje. Angalia dirisha liko wapi na jua linaingia saa ngapi. Siku ya pili mwombe avae anachokipenda yeye, si kile wanachokitaka watoto. Piga akiwa katikati ya habari anayoipenda. Mwanzo atakaza uso kama wa kitambulisho, usimharakishe. Sura yake mwenyewe hurudi akishasahau kamera. Piga na mikono yake pia.

Usimwambie unapiga picha ya msiba wake. Ni picha ya heshima yake akiwa hai. Familia itaitumia itakavyoitumia.

Chapa. Narudia, chapa. Picha iliyo kwenye simu hupita, iliyo kwenye fremu huulizwa na kila mgeni anayeingia, "Nani kapiga?" Hilo ndilo tangazo lako. Hatua hii imekamilika pale mtu usiyemjua atakapokupigia kwa sababu ameiona ukutani kwa jirani.

## Hatua ya 6: Ruhusa na mipaka

Omba ruhusa mara mbili: ya kupiga, na ya kuonyesha. Hazifanani. Mtu anaweza kukubali picha na akakataa mtandao. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya 2019. Picha ya mtu anayetambulika ni taarifa yake. Kwa mtoto, mzazi au mlezi ndiye wa kuombwa. Karatasi fupi yenye sahihi inatosha.

Usipige kambi za jeshi, vituo vya polisi, Ikulu, bandari wala viwanja vya ndege bila kibali. Mvi hazitakuokoa.

Hospitalini na msibani, msemaji wa familia akisema basi, ni basi.

## Hatua ya 7: Panga bei kwa hesabu

Bei ya kukisia ndiyo inayokuletea uchungu. Fanya hivi. Tuseme vifaa vimekugharimu shilingi 3,000,000, unataka vidumu miaka mitatu, na unategemea kazi 50 kwa mwaka. Hizo ni kazi 150, hivyo kila kazi inabeba 20,000 ya vifaa peke yake. Ongeza nauli, uchapaji, fremu, bando na umeme. Kisha ongeza ujira wa siku zako: nusu siku ya ziara ya kwanza, nusu siku ya kupiga, siku moja ya kuchagua na kuhariri. Jumla hiyo ndiyo sakafu. Chini yake unamlipa mteja akupe kazi.

Pokea nusu kabla ya siku ya kazi, na salio unapokabidhi, si "nitakutumia jioni". Andika kwenye karatasi idadi ya picha, ukubwa, tarehe ya kukabidhi na nini kitatokea mkiahirisha. Umri wako unakupa faida hapa: ukisema kwa upole na bila kupepesa, watu hawabishani sana.

## Hatua ya 8: Jisajili

Chukua TIN, yaani namba ya mlipakodi, kutoka TRA (Mamlaka ya Mapato). Hutolewa bure, ukiwa na namba yako ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. Ukitaka jina la biashara, lisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Leseni ya biashara inatoka halmashauri yako. Usimlipe mtu wa katikati kwa jambo unaloweza kulifanya mwenyewe. Taasisi na miradi haitakulipa bila karatasi hizi, kwa hiyo kama ulichagua eneo la taasisi, fanya hatua hii mapema.

## Hatua ya 9: Tunza picha kama amana

Weka nakala tatu: moja kwenye laptopu, moja kwenye diski iliyo nyumbani, moja kwenye diski inayokaa nyumba nyingine, kwa mwanao au jirani unayemwamini. Moto, mafuriko na mwizi haviji na taarifa. Kadi usiifute mpaka nakala zote tatu zimefunguka na umeziona kwa macho.

Ita kila folda kwa mwaka, mwezi, jina la familia na mtaa. Miaka mitano baadaye mtu atapiga simu akilia, akiomba picha ya mama yake, na utaipata ndani ya dakika mbili. Hapa ndipo wapiga picha wengi, wakubwa kwa wadogo, wanapowaangusha watu.

## Hatua ya 10: Pima kuridhika kwako, si fedha peke yake

Kila kazi ikiisha, iandike kwenye daftari kwa safu tatu: fedha, mwili, moyo. Kila safu ipe alama kati ya 1 na 5, siku hiyohiyo, kabla kumbukumbu haijalainika. Baada ya miezi sita soma kurasa zote kwa kikao kimoja.

Kazi yenye fedha 5 na moyo 1 itakuchosha upesi kuliko unavyodhani, na katika umri huu huna sababu ya kurudia ajira uliyoikimbia. Kazi yenye moyo 5 na fedha 1 huenda bei yake ndiyo mbovu. Rudi hatua ya 7 kabla ya kuiacha. Yenye mwili 1 iache hata kama mengine ni 5.

Kazi unazoziacha usizitupe. Tafuta kijana mmoja au wawili wenye adabu na kazi safi, mkubaliane asilimia ya kukupa kwa kila mteja unayempelekea, na muiandike. Yeye akipata mzee anayehitaji kupigwa kwa utulivu nyumbani, akuletee wewe. Mpigie mteja simu kijana akiwa kando yako, umtambulishe kwa jina, useme wazi kwamba malipo na lawama za kazi hiyo sasa ni vyake.